Kurudi, Kurejea na Kurejesha: Historia ya Dhana ya Kurudisha Kitu katika Kiswahili

Utangulizi

Msemaji wa Kiswahili anayetaka kueleza tendo la kukitoa kitu kilipo na kukipeleka tena kilikotoka ana vitenzi viwili mkononi: rudisha na rejesha. Kamusi za Kiswahili sanifu hukieleza kimoja kwa kukitumia kingine, na mwanafunzi anayezifungua huondoka akiamini kwamba lugha imejilimbikizia mali isiyo na kazi. Imani hiyo ina upungufu. Ni nadra lugha kuweka maneno mawili kwa karne nyingi bila kuyagawia majukumu, hata kama mipaka ya majukumu hayo haikuandikwa popote.

Mhadhara huu unachunguza historia ya maneno hayo mawili pamoja na ndugu zake, yaani rudi, rudia, radidi, ritadi, rejea, rejelea, marejeo na marejesho. Hoja inayojengwa ni kwamba kila tendo la kurudisha lina pande tatu: kitu kinachorudi, mahali kinaporudi, na mtu anayerudishiwa. Maneno ya Kiswahili hayazigusi pande hizo kwa uzito ulio sawa. Tofauti hiyo, ambayo kwa mtazamo wa haraka ni ya wanasarufi pekee, ina uzito mkubwa panapohusika mkopo, talaka, fuvu la mtawala au kundi la wakimbizi.

Hali kabla ya mikopo ya Kiarabu

Rudi na rejea yote mawili yana asili ya Kiarabu. Swali la kwanza la kihistoria, basi, ni hili: Waswahili walisemaje kabla ya kuyapokea? Haiyumkiniki kwamba jamii ya wavuvi, wakulima na mabaharia iliishi bila neno la kurudi nyumbani.

Jibu linapatikana kwa kulinganisha lugha za Kibantu. Wataalamu wa isimu linganishi wameunda upya mzizi wa Mame-Bantu *-buj-, wenye maana ya kurudi. Katika Kizulu mzizi huo umekuwa buya, na kauli yake ya kutendesha ni buyisa, yaani kurudisha. Katika Kishona uya ina maana ya kuja. Karibu zaidi na nyumbani, Kidigo na Kigiryama, ambazo ni lugha za Mijikenda na jirani wa karibu wa Kiswahili, zinatumia uya kwa maana ya kurudi. Kudondoka kwa sauti *b mwanzoni mwa mzizi ni jambo la kawaida katika Kiswahili pia: Kizulu kina bona, Kiswahili kina ona, Kizulu kina bumba, Kiswahili kina umba. Kwa kufuata kanuni hiyo hiyo, umbo ambalo lingetarajiwa katika Kiswahili ni uya. Kwamba umbo hilo halimo katika usemi wa kawaida wa leo ni ushahidi kuwa maneno ya Kiarabu hayakujaza pengo tupu, bali yalikalia kiti kilichokuwa na mwenyewe.

Si lugha zote za bara zilizohifadhi mzizi huo. Kisukuma kinatumia shoka kwa kurudi na shosha kwa kurudisha. Kikikuyu kina cooka na cookia. Kinyarwanda na Kirundi zina garuka na garura. Jambo linalofanana katika lugha hizi zote ni kwamba kurudisha huzaliwa na kurudi, au yote mawili huzaliwa na shina moja kwa njia ya viambishi.

Kiswahili kilibaki na njia nyingine ya Kibantu ya kueleza kurudisha, nayo ni kauli ya kutendua. Fumba huzaa fumbua, kunja huzaa kunjua, tega huzaa tegua, na pakia huenda sambamba na pakua. Kiambishi hiki hakikipeleki kitu mahali, bali hukirejesha katika hali iliyokuwapo kabla ya tendo. Mtu anayekunjua mkeka hauondoi chumbani, anauondolea mkunjo. Katika jamii hii ya maneno imo pia komboa, kukitoa kitu kilichowekwa rehani kwa kulipa, au kumtoa mtu utumwani kwa fidia. Neno hilo la soko na rehani ndilo lililozaa ukombozi, ambalo Dar es Salaam ililizoea tangu mwaka 1963, Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilipoweka makao yake huko. Hivyo basi, kabla ya kulitazama neno lolote la Kiarabu, Kiswahili kilikuwa tayari kinatofautisha kurudi kwa mahali na kurudi kwa hali.

Rudi: kitenzi kilichogeuzwa

Rudi inatokana na mzizi wa Kiarabu r-d-d. Katika Kiarabu, kitenzi radda ni elekezi: kina mtenda na kina mtendwa. Maana zake ni kukirudisha kitu, kumsukuma mtu nyuma, kukataa, na kujibu. Kiarabu, kwa hiyo, kilileta neno ambalo lilikwisha kuwa na maana ya kurudisha ndani yake.

Kiswahili kilifanya jambo la kuvutia. Kililipokea neno hilo na kulifanya, kwa matumizi yake makuu, kuwa kitenzi si elekezi: mtu amerudi, mvua imerudi, homa imerudi. Baada ya kuipoteza maana ya kurudisha, ikabidi lugha iirudishe kwa kiambishi chake yenyewe, ndipo ikapatikana rudisha. Kiambishi cha Kibantu kimepachikwa ili kufanya kazi ambayo shina la Kiarabu lilikuwa likiifanya peke yake. Hili linaonyesha kwamba neno la mkopo haliingii na sarufi yake. Linaingia kama mgeni, na mwenyeji ndiye anayempangia kazi.

Hata hivyo, uelekezi wa asili haukufutika kabisa. Upo hadi leo katika usemi kama vile mzazi anamrudi mwanawe, yaani anamwonya au anamwadhibu ili aache kosa. Hapa rudi inachukua yambwa bila kiambishi cha kutendesha, sawasawa na radda ya Kiarabu. Nomino marudi, kwa maana ya adhabu ya kumrekebisha mtu, imetoka katika tawi hilo. Kumrudi mtoto kuna falsafa yake: mtoto amechukuliwa kuwa amepotoka njia, na adhabu ni kumgeuza uso aiangalie njia aliyoiacha. Mtu anayesikia sentensi hiyo kwa mara ya kwanza na kushangaa kwa nini neno la safari limekuwa neno la adabu hana haja ya kushangaa tena. Maana ya kusukuma nyuma ndiyo ya kale kuliko maana ya kusafiri.

Maana ya tatu ni ya kitambaa. Nguo iliyofuliwa ikapungua urefu husemwa imerudi. Kitambaa kilivutwa kilipofumwa, na maji yamekifanya kirudi katika kimo chake cha awali.

Mzizi huohuo umeingia Kiswahili kwa milango mingine. Radidi, yaani kukariri, imetokana na mnyambuliko wa Kiarabu wenye kueleza tendo la kurudiarudia, na wanaisimu wameitumia kuunda istilahi uradidi. Ritadi, yaani kuiacha dini, na murtadi, yaani aliyeiacha, ni za mzizi huo pia: anayeritadi amegeuka na kurudi alikotoka. Kwa upande mwingine, mtafiti anapaswa kujihadhari na udugu wa uongo. Rudufu inafanana na rudi kwa sauti na kwa maana, lakini mzizi wake ni r-d-f, wenye maana ya kufuatana au kupandishana nyuma ya mwingine. Radi ya mawinguni nayo ina mzizi wake mwingine. Kufanana kwa sura si ushahidi wa nasaba.

Rejea: kitenzi kilichojifanya mwenyeji

Rejea inatokana na mzizi r-j-ayn. Konsonanti ya mwisho, ambayo Kiswahili hakina, imeacha nafasi yake kwa irabu, na matokeo yake ni neno linaloishia na -ea. Mwisho huu uliliwezesha neno kujificha miongoni mwa vitenzi vya Kibantu kama potea, enea na legea. Ni vigumu kwa msikilizaji asiye na elimu ya Kiarabu kuitambua rejea kuwa mgeni.

Lakini sarufi haikudanganyika. Potea huzaa poteza, enea huzaa eneza, legea huzaa legeza; rejea huzaa rejesha. Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka katika matamshi ya zamani. Katika baadhi ya lahaja na maandishi, rejea hutamkwa regea, na legea vilevile hutamkwa regea. Maneno mawili yamekutana katika umbo moja, moja la kurudi na jingine la kulegea. Hata hivyo, yanaponyambuliwa yanaachana tena: kamba huregezwa, mali huregeshwa. Irabu zilikubali kuchanganyika, viambishi vikakataa.

Kimaana, rejea ilikuja na uzito wa dini na wa sheria. Tamko ambalo Mwislamu hulitoa anapopokea habari za msiba lina neno la mzizi huu, na kutokana nalo Waswahili huzungumzia marejeo ya kila kiumbe kwa Muumba wake. Katika sheria ya ndoa ya Kiislamu kuna talaka rejea, ambayo humruhusu mume kumrejea mkewe kabla eda haijamalizika bila kufunga ndoa mpya. Sarufi ya usemi huo inastahili kuangaliwa. Anapomrejea mkewe, mume huenda hajasafiri hata hatua moja, na mke naye huenda hajaondoka nyumbani. Kinachorejea ni haki na uhusiano, si mwili. Rejea hapa ni elekezi, na mtendwa wake si mahali bali ni mtu.

Mabaharia nao walilichukua neno na kuliweka katika methali inayojulikana pwani nzima: Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Tezi ni sehemu ya nyuma ya chombo, omo ni ya mbele, na ngama ni tumbo la chombo, maji ya kufutwa yanakokusanyika. Methali haisemi kwamba mtu atarudi alipoanzia safari. Inasema kwamba kuna mahali ambapo ni pake kwa asili, hata akizunguka vipi. Hiyo ndiyo tofauti nyembamba kati ya marejeo na kurudi tu.

Wanaisimu walipohitaji istilahi waliifuata njia hiyohiyo. Kirejeshi ni kiambishi kinachomrudisha msikilizaji kwenye nomino iliyotangulia. Rejelea ni kukielekeza kidole cha maneno kwenye kitu au kitabu. Marejeo au marejeleo ni orodha ya vitabu vilivyotegemewa. Katika zote hizi hakuna kinachosogea. Kinachorejeshwa ni uhusiano baina ya neno na kile kilicholitangulia.

Je, rudisha na rejesha ni visawe?

Ushahidi wa matumizi unaonyesha mwelekeo ufuatao. Rudisha hupendelea kitu kinachoshikika na mwendo unaoonekana: kurudisha ng'ombe zizini, kurudisha kitabu maktabani, kurudisha chenji, kurudisha mpira uwanjani. Rejesha hupendelea hali, haki na wajibu: kurejesha amani, kurejesha heshima, kurejesha nidhamu, kurejesha huduma ya maji. Mtu anaweza kusema kurudisha amani na akaeleweka. Vivyo hivyo kurejesha kitabu. Huu ni mwelekeo na si kanuni, na hutegemea pia eneo na mazoea ya msemaji. Lakini mwelekeo huo unaafikiana na historia. Radda ni msukumo mmoja wa kugeuza nyuma. Raja'a ni kuiendea asili. Maneno yamehamia lugha nyingine, yakavuka bahari, na bado yanavuta kila moja upande wake.

Mnyambuliko unaongeza tofauti nyingine iliyo muhimu kuliko hiyo ya kwanza. Linganisha Nirudishe na Nirudishie. Katika sentensi ya kwanza, msemaji ndiye kitu: anaomba yeye mwenyewe apelekwe alikotoka. Katika ya pili, kiambishi cha kutendea kimeingia, na msemaji amekuwa mwenye haki: kuna kitu chake kilichoko kwa mwingine, naye anakidai. Irabu moja imemtoa mtu katika nafasi ya mzigo na kumweka katika nafasi ya mdai. Rudisha huhitaji kitu na mahali. Rudishia na rejeshea haziwezi kusimama bila mwenyewe.

Deni, amana na masurufu

Uwanja wa mali ndio ulioyafanyia maneno haya kazi nyingi. Kiswahili kinatofautisha kulipa na kurudisha. Anayeazima jembe hulirudisha lilelile. Anayekopa shilingi hulipa, kwa kuwa noti atakazotoa si zile alizopewa. Ndiyo maana wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, hawakusema ni kurudisha.

Amana ina hukumu yake. Msemaji wa Kiswahili husema kurudisha amana, lakini Aya ya 58 ya Sura ya An-Nisaa, inayoamrisha amana zifikishwe kwa wenyewe, haitumii r-d-d wala r-j-ayn. Kitenzi chake ni cha kutekeleza na kufikisha haki. Kiarabu kilitazama wajibu. Kiswahili kikakitazama kitu kinavyotoka mkono hadi mkono.

Katika miongo ya karibuni, rejesha imeuvamia uwanja wa kulipa. Vikundi vya kuweka na kukopa vimeieneza nomino marejesho kwa maana ya malipo ya mkopo yanayotolewa kwa awamu. Tangu Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilipoanzishwa Tanzania kwa sheria ya mwaka 2004, urejeshaji wa mikopo umekuwa msemo wa kila mhitimu. Uteuzi wa neno hilo hauonekani kuwa wa bahati. Kulipa kunaumaliza uhusiano wa watu wawili. Kurejesha kunadokeza kwamba fedha ni ya umma, imetoka mahali, na inapaswa kufika tena huko ili mwingine aipate.

Mfano wa ofisini ni wa ajabu zaidi. Mtumishi aliyechukua masurufu ya safari anatakiwa kuyarejesha, na mara nyingi huyarejesha bila kutoa hata senti. Anachokikabidhi ni stakabadhi zinazoonyesha fedha ilivyotumika. Kwa kanuni ya rudisha, jambo hilo halina maana, kwani hakuna kitu kilichorudi. Kwa kanuni ya rejesha lina maana kamili: kilichorejea ni uaminifu baina ya mtumishi na mwajiri wake.

Fuvu, kigango na kinyago

Tofauti hizi hupata uzito wake kamili katika mjadala wa mabaki ya watu na mali za utamaduni zilizochukuliwa Afrika Mashariki. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alifariki mwaka 1898 baada ya miaka mingi ya kupigana na Wajerumani, na kichwa chake kikakatwa. Mkataba wa Versailles uliotiwa saini tarehe 28 Juni 1919 ulilizungumzia fuvu lake katika kifungu cha 246. Kifungu hicho kina mambo mawili. Jambo la kwanza ni Msahafu unaonasibishwa na Khalifa Othman, uliochukuliwa Madina na kutolewa kwa mfalme wa Ujerumani. La pili ni fuvu la Mkwawa. Matini ya Kiingereza inatumia kitenzi cha kurejesha kwa Msahafu, ambao ulipaswa kwenda kwa Mfalme wa Hijazi. Kwa fuvu, inatumia kitenzi cha kukabidhi, na anayekabidhiwa ni serikali ya Uingereza.

Vitenzi viwili katika kifungu kimoja si mapambo ya mtindo. Kurejesha kunakiri kwamba anayepokea ndiye aliyekuwa na haki tangu awali. Serikali ya Uingereza haikuwa na fuvu hilo kabla, kwa hiyo isingeweza kurejeshewa. Ingeweza kukabidhiwa tu, kama mshindi anavyokabidhiwa silaha. Wahehe, ambao ndio waliokuwa na haki ya kurejeshewa, hawamo katika sentensi hiyo kwa sura yoyote, si kama mtenda wala kama mtendewa.

Miaka thelathini na mitano ilipita. Gavana Edward Twining alipata katika jumba la makumbusho la Bremen fuvu lililoteuliwa kwa kulinganisha vipimo, na mwaka 1954 likakabidhiwa Kalenga, karibu na Iringa, kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa mtawala huyo, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge. Wapo wanaohoji hadi leo kama fuvu lile ndilo. Shaka hiyo inauonyesha upande wa kwanza wa tendo la kurudisha, yaani kitu chenyewe: mtu anaweza kufika mahali panapostahili, kwa mwenyewe anayestahili, na bado swali la ni nini kilichorudi likabaki.

Vigango vya Wagiryama vinauonyesha upande wa mahali. Kigango ni mti uliochongwa na kusimikwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa chama cha Gohu, nao haukusudiwi kung'olewa pale uliposimikwa. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 20, vigango vingi viliibwa na kuuzwa ng'ambo. Mwaka 2007 familia moja ya pwani ya Kenya ilipata tena vigango vyake viwili, kimoja kutoka Illinois State Museum na kingine kutoka Hampton University Museum, na mwaka 2019 vingine 30 viliwasili Kenya kutoka jumba la makumbusho la Denver. Hivyo vya pili havikuwa na familia zilizotambuliwa. Vimerudi nchini, na kwa maana ya rudisha kazi imefanyika. Kwa maana ya rudishia, bado haijakamilika, kwa sababu kigango hakisimikwi kwa ajili ya nchi, bali kwa ajili ya marehemu mmoja na ukoo wake.

Kinyago cha Kimakonde kilichoibwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1984 kinauonyesha upande wa mwenyewe. Kilijikuta katika jumba la makumbusho la Barbier-Mueller huko Geneva, na baada ya mazungumzo ya takriban miaka 20 kilipatikana tena kwa makubaliano ya mwezi Mei 2010. Makubaliano hayo yalitangazwa kwa jina la utoaji wa zawadi. Kwa kipimo cha diplomasia, neno hilo lilifungua mlango. Kwa kipimo cha semantiki, mtu hupewa zawadi kisichokuwa chake. Mwenye kupokea zawadi hushukuru. Mwenye kurudishiwa husema kimefika. Kinyago ni kilekile na safari ni ileile, lakini kitenzi kimeamua nani alikuwa mwenyewe.

Shirika la UNESCO lilipounda kamati ya kiserikali ya kushughulikia madai ya namna hii mwaka 1978, jina lake rasmi lilitenganisha kurudi kwa mali katika nchi ya asili na kurejeshwa kwa mali iliyotwaliwa kinyume cha sheria. Mfasiri wa Kiswahili anayetumia neno moja kwa dhana zote mbili ameliondoa dai la haki na kuacha usafirishaji tu.

Watu wanaorudi na watu wanaorudishwa

Vitu havina hiari, watu wanayo. Mwishoni mwa Aprili 1994, takriban robo milioni ya watu walivuka Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara ndani ya muda wa siku moja hivi. Desemba 1996, Serikali ya Tanzania pamoja na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa zilitangaza kwamba wakimbizi wote wa Rwanda walitarajiwa kurudi kwao kabla ya mwisho wa mwezi huo. Mamia ya maelfu walivuka tena daraja lilelile, wengi wao baada ya kuzuiwa na vyombo vya dola walipojaribu kuelekea mbali na mpaka.

Je, walirudi au walirudishwa? Sarufi inamlazimisha msemaji kuchagua. Rudi humpa mkimbizi nafasi ya mtenda. Rudishwa humfanya kuwa yambwa aliyepandishwa cheo na kauli ya kutendwa, huku mtenda halisi akifichwa nyuma ya kiambishi. Kinyarwanda kina neno la tatu, gutahuka, lenye uhusiano na gutaha, kwenda nyumbani. Halisemi mtu ameelekea wapi kwa ramani, linasema amefika kwao. Kiswahili hakina kitenzi kimoja cha namna hiyo, hivyo hulazimika kusema kurejea makwao kwa hiari. Maneno mawili ya mwisho huongezwa kila mara, na mahali ambapo hiari inahitaji kutajwa kila mara, msomaji makini ana sababu ya kuuliza.

Hitimisho

Historia iliyochunguzwa imeonyesha kwamba Kiswahili kilikuwa na njia zake za kueleza kurudisha kabla ya kuyapokea maneno ya Kiarabu. Kwamba rudi iligeuzwa kutoka kitenzi cha kurudisha kuwa cha kurudi. Kwamba rejea ilivaa sura ya Kibantu huku ikihifadhi uzito wa haki na wa asili. Na kwamba mgawanyo wa majukumu baina ya rudisha na rejesha, ingawa haujakamilika, una misingi yake katika historia hiyo.

Kutokana na hayo, inafaa waandishi wa kamusi wayaeleze maneno haya kwa mazingira ya matumizi yake, badala ya kuyafasili kila moja kwa jingine. Inafaa pia wafasiri wa nyaraka za sheria na za utamaduni watumie rudisha panapohusika mwendo wa kitu, na rejesha panapohusika haki. Zaidi ya yote, wasiiogope kauli ya kutendea. Sentensi isemayo kwamba mali imerudishwa inaweza kusimama bila kumtaja yeyote. Sentensi isemayo kwamba fulani amerudishiwa mali yake haiwezi.